WIMBO USIFUNGWE BILA HUKUMU

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu hili la chama nipate kueleza mawazo yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini wakati wa chai, na tukisharudi mezani twalinyamazia. Jambo lenyewe ni desturi ya kufunga nyimbo na maneno ya watu kwa barua ya ofisi, pasipo mwenye maneno kusikilizwa na pasipo hakimu kuhukumu. Yatakuwamo humu maneno yasiyopendeza masikio ya baadhi ya wasomaji. Nawasihi wanivumilie mpaka mwisho, kisha wanijibu katika kurasa hizi hizi. Maana kujibiwa sikuogopi, ninaloogopa ni kuzibwa mdomo.

Yamkini mtu ataniuliza: "Karani na nyimbo, wapi na wapi? Kazi yetu ni majalada, mishahara na posho." Jibu langu ni hili: hakuna wimbo uliopata kuzuiliwa katika nchi hii pasipo karani. Mkubwa hutamka neno moja tu. Lakini barua huchapwa na karani, nambari ya jalada huandikwa na karani, muhuri hugongwa na karani, na nakala hupelekwa redioni kwa mkono wa tarishi tunayemjua kwa jina. Basi tusijidanganye kwamba sisi ni watazamaji wa mchezo huu. Sisi ndio wachezaji, ijapokuwa ngoma hupigwa na wengine.

Sisi tukaao Mchafukoge na Kariakoo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Kila kona ya mtaa wetu ina historia yake ya kuzuia na kuzuiliwa. Katika siku za Waingereza, ngoma ndani ya mji huu ilitaka kibali cha ofisi. Walikuwako wachezaji wa beni, waliogawanyika katika Marini na Arinoti, na katika Marini walikuwamo watu wenye kisomo, makarani kama sisi. Walivaa mavazi ya kizungu, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakapita mitaani kwa tarumbeta. Wakubwa wa Serikali ile walitazama wakaingiwa na shaka: je, hawa wanacheza au wanapanga jambo? Kwa hakika walikuwa wakifanya yote mawili. Walicheza, na katika kucheza wakajifunza kuendesha chama, kukusanya fedha, kuchagua viongozi na kusaidiana katika msiba. Yule aliyeiogopa ngoma ile hakuogopa mlio wake. Aliogopa watu waliokutana bila kumwomba.

Tena tukumbuke waraka wa Serikali wa Agosti 1953, uliowakataza watumishi wa Serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Chama kilichopigwa hasa na waraka ule kilikuwa ni TAA, ambacho ofisi yake ilikuwa New Street, mtaa ambao leo huitwa Lumumba, mkabala na viwanja vya Mnazi Mmoja. Wengi wa walioendesha chama hicho walikuwa makarani, waganga na walimu. Waliambiwa wachague: mshahara au sauti. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ijapokuwa alikuwa akifundisha shule ya misheni kule Pugu, aliacha kazi mwaka wa 1955 ili apate kusema. Mwaka wa 1958 alishtakiwa kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana wilaya, na akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Alilipa.

Nataka msomaji atulie hapo kidogo. Sauti ya TANU halikuwa gazeti kubwa lenye mitambo. Lilikuwa karatasi za kurudufu kama hizi unazozishika sasa, zenye wino unaochafua vidole. Na Serikali ile ya kigeni, ambayo hatuna sababu ya kuisifu, ilimpeleka mwandishi mahakamani, mbele ya hakimu, akiwa na wakili, watu wakisikiliza. Alijua ni maneno gani yaliyomshtaki, na akapata kujibu. Siisemi hukumu ile kuwa ya haki. Nasema tu kwamba ilikuwa hukumu. Je, hatuoni haya kwamba leo, katika nchi iliyo yetu, mwimbaji aweza kufungiwa wimbo wake asipate hata hicho kidogo alichopewa mshtakiwa wa mwaka wa 1958?

Haya si maneno ya kuwalaumu wageni peke yao. Baada ya kujitawala tuliurithi muhuri, na tukaupenda. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kung'arisha ngozi. Hata kabla ya siku iliyowekwa, hapa Kariakoo makundi ya vijana yaliwavamia wanawake, wakawateremsha katika mabasi na kuwararulia nguo, hata polisi wakalazimika kuingia kati. Ilisemwa kwamba ni kulinda utamaduni wa Kiafrika. Mimi nauliza: ni kabila gani la Tanganyika ambalo utamaduni wake ni kumvua mwanamke nguo kituoni? Novemba 1969 ikaja amri nyingine: muziki wa soul usipigwe Dar es Salaam. Ilisemwa ni sumu ya kigeni.

Sumu ile iliua nini? Watoto wa wale waliokatazwa soul walikua wakasikiliza muziki wa kufokafoka wa Marekani, wakaufanyia Kiswahili, wakauita Bongo Fleva. Leo Serikali hujivunia muziki huo, wakubwa huwaalika waimbaji wake katika sherehe za taifa na katika kampeni, na mabalozi wetu huutaja kuwa ni sifa ya nchi. Basi wale waliotoa amri ya mwaka wa 1969 hawakuokoa utamaduni. Walichelewesha tu sehemu yake. Kilicho kigeni leo huenda kikawa chetu kesho, na hapana karani awezaye kulijua hilo kwa kutazama maneno ya wimbo yaliyochapwa kwenye karatasi.

Na sasa nije kwenye mfano uliokuwa na gharama kubwa. Wazee wengi watakumbuka kwamba kwa miaka mingi redio nchini ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilizotaka kurekodi zilipeleka maneno ya nyimbo yatazamwe kwanza na kamati. Mambo haya yalidumu mpaka miaka ya 1990, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Karibu na mwaka wa 1990, marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walitoa wimbo wa Mambo kwa Soksi, uliowashauri watu watumie kondomu wajikinge na ukimwi. Redio ya taifa haikuupiga. Ulionekana kuwa hauna adabu. Watu waliusikia katika kumbi na katika kanda za kaseti zilizouzwa hapa hapa mjini, lakini yule mkulima wa bondeni ambaye kitu chake pekee kilikuwa redio, hakuupata.

Miaka michache baadaye Serikali yenyewe ilibandika mabango ya kondomu barabarani na zahanati zikazigawa bure. Yaani aliyosema mwimbaji na kukataliwa, waliyasema wakubwa baadaye na kusifiwa. Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Katika miaka ile ya kati, ni nyumba ngapi zililia? Sina hesabu, wala sitabuni. Lakini nasema kwamba wale waliokaa katika kamati hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye elimu na adabu, kama mimi na wewe, waliodhani kwamba wanailinda nyumba, kumbe wamefunga dirisha moshi ukiwa ndani. Ndiyo hatari ya kumpa mtu mmoja, hata akiwa mwema, uwezo wa kuamua taifa zima lisikie nini.

Mwaka wa 1984 nchi yetu ilifanya mambo mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Bunge liliingiza katika Katiba ya mwaka wa 1977 sehemu ya haki za binadamu, na ndani yake ibara ya 18 juu ya uhuru wa mawazo. Na mwaka ule ule ilipitishwa Sheria Na. 23 iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Kwa mkono mmoja raia alipewa kusema. Kwa mkono wa pili ikaundwa ofisi ya kumtazama anaposema kwa kuimba. Sikatai kuwako kwa Baraza. Kazi ya kukuza sanaa, kulinda jasho la msanii na kumfundisha ni kazi njema, na wako ndani yake watumishi hodari. Ninachokataa ni Baraza kuwa mshitaki, hakimu na bwana jela kwa pamoja.

Tazama yaliyotokea Machi 2017. Mwimbaji Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, ulioonekana kuisema Serikali. Baraza likaufungia, na polisi wakamkamata Morogoro wakamleta Dar es Salaam. Siku iliyofuata Waziri aliyehusika, Dkt. Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo ule, kwa hiyo upigwe na mwimbaji aachiliwe. Watu wengi walishangilia. Mimi sikuona la kushangilia. Ikiwa wimbo ulikuwa kosa mbele ya sheria, mapenzi ya Rais hayakuufanya usiwe kosa. Na ikiwa haukuwa kosa, basi mtu alilala mahabusu bila sababu, na hapana aliyeulizwa. Aliyefunguliwa kwa hisani leo, kesho atafungwa kwa hasira. Uhuru unaotegemea kama mkubwa ameamka vizuri si uhuru. Ni zawadi, na mwenye zawadi huweza kuichukua tena. Na kweli, mwaka wa 2024 mwimbaji huyo huyo alitoa wimbo mwingine, Nitasema, na safari hii hakutokea wa kuupenda: Baraza likamfungulia mashtaka.

Haikupita hata wiki mbili baada ya kisa cha Wapo, mwezi Aprili 2017, mwimbaji Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa katika studio hapa mjini, wakaonekana baada ya siku tatu, wakasema kwamba waliteswa. Sitasema ni nani aliyewachukua, kwa kuwa haikuthibitishwa mahakamani. Nasema tu kwamba mahali ambapo barua huweza kufunga wimbo bila hukumu, mtu mwovu asiye na barua naye huona ruhusa. Sheria ikilegea mlangoni, hata mwizi huingia amevaa kanzu.

Mwaka wa 2018 vituo vya redio na televisheni vilipewa na Mamlaka ya Mawasiliano orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisizotakiwa kupigwa, zikiwamo za Diamond Platnumz. Novemba mwaka huo Baraza likaufungia wimbo wa Mwanza, wa Rayvanny na Diamond, kwa sababu ya maneno ya aibu. Na waimbaji hao walipouimba jukwaani mwezi wa Desemba, wakafungiwa wao wenyewe wasifanye maonyesho, ndani na nje ya nchi, kwa muda usiojulikana. Baada ya wiki chache adhabu ikaondolewa. Nakiri kwamba wimbo ule mimi sikuupenda, wala nisingetaka binti yangu auimbe mezani. Lakini adhabu ya "muda usiojulikana" ni adhabu ya namna gani? Mwizi wa kuku hupewa miezi yake, akaihesabu ukutani. Na ikiwa kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kumnyima mtu riziki bila ukomo, lilikwishaje kwa wiki chache? Adhabu isiyopimwa mwanzo haiwezi kupimwa mwisho.

Mwaka ule ule zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye ukurasa wa habari alipe maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Kanuni hizo zimebadilishwa baadaye, lakini fundisho lake libaki. Karani wa daraja la chini ajuaye mshahara wake na ajiulize: ingemchukua miezi mingapi ya kutokula ili apate ruhusa ya kuandika? Maneno yakishawekewa kiingilio, wenye fedha ndio watakaosema, na maskini watabaki kuwa habari tu.

Na Oktoba 2025 tuliona mwisho wa njia hii. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, ghasia zilipotokea, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na mji wetu ukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Sisi watumishi tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Kwa njia gani, hapana aliyeeleza. Lakini hilo ni la kuchekesha mbele ya lile la kuliza. Watu waliuawa, na Serikali yenyewe iliunda Tume ya uchunguzi mwezi wa Novemba. Katika siku zile mama hakuweza kumtafuta mwanawe, wala ndugu kumjulisha ndugu. Hapo aliyefungiwa hakuwa mwimbaji mmoja. Ilifungiwa nchi. Aliyezoea kufunga wimbo mmoja kwa barua haoni ajabu kufunga sauti zote kwa swichi.

Baada ya hapo lilitokea jambo jingine linalotupasa kulitazama bila upendeleo. Wasanii walioimba katika kampeni za chama kinachotawala walilaumiwa vikali, na wafuasi wao wakawaacha mitandaoni kwa makundi. Mimi nasema: msikilizaji ana haki ya kuacha kusikiliza, na hiyo ndiyo hukumu halali ya sanaa. Lakini anayemtisha mwimbaji, au kutaka mali yake iharibiwe kwa kuwa aliimba upande usiompendeza, huyo naye amegonga muhuri ule ule, tofauti ni kwamba wake hauna nambari ya jalada. Uhuru wa kumwimbia mkubwa na uhuru wa kumwimba mkubwa ni pacha. Huwezi kumnyonga mmoja ukamlea mwenzake.

Sasa nijibu hoja za wale wasiokubaliana nami, maana si busara kuzipita kana kwamba hazipo.

Hoja ya kwanza ni watoto. Ati tusipozuia, watoto watasikia matusi. Ni kweli kwamba maduka ya Msimbazi hupiga spika toka asubuhi, na mengine yapigwayo hayafai. Lakini kupanga saa za redio, kumkataza mwenye duka asimpigie jirani kelele, na kumtaka mtangazaji aonye wazazi, hayo ni mambo ya utaratibu, na hayahitaji wimbo ufutwe duniani. Tena tuseme kweli: orodha ya matusi imekuwa kikapu ambacho ndani yake hutiwa pia nyimbo zisizo na tusi hata moja ila zina ukweli. Wapo haukufungiwa kwa ajili ya watoto.

Hoja ya pili ni amani. Ati wimbo waweza kuwasha moto, na wasemao hivyo hutaja Rwanda. Nami nataka tuitaje Rwanda, kwa kuwa hukumu yake ilitolewa katika nchi yetu. Mwimbaji Simon Bikindi alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule Arusha, na nyimbo zake zilikuwa sehemu kubwa ya mashtaka. Mahakimu wakazisikiliza, wakaita wajuzi wa Kinyarwanda, wakapima neno kwa neno. Desemba 2008 wakamhukumu kifungo cha miaka 15. Na kwa kosa gani? Walikubali kwamba nyimbo zake zilichochea chuki, lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti njiani, Juni 1994, akiwataka watu waue. Ikiwa mahakama iliyokuwa ikishughulika na mauaji makubwa kuliko yote ya Afrika ya siku zetu iliweza kuchukua taabu ya kutenga wimbo na amri ya kuua, je, ofisi yenye nafasi na chai ya saa nne haiwezi?

Hoja ya tatu ni kwamba wanaolalamika ni watu wa nje, na kwamba haki hizi ni za Wazungu. Huu ni usahaulifu. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi sahani za santuri, alimwimba Kijiti, muuaji aliyeponyoka huku wanawake waliohusika na kesi ile wakiadhibiwa. Watu wasiojua kusoma walipata kwake hukumu ambayo mahakama haikuwapa. Hakufundishwa hayo na balozi yeyote. Kumsema mkubwa kwa wimbo ni mila yetu kuliko tai hizi tunazozivaa ofisini. Tena haki hizo tumeziahidi sisi wenyewe katika mkataba wa Jumuiya yetu: Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka wa 2016 vinavunja mkataba huo. Arusha si Ulaya.

Hoja ya nne ndiyo ya karibu nasi: "Karani hana hiari, mkubwa akiamuru, hugonga." Hapa ndipo ninapotaka kusema na wenzangu kwa moyo wote. Hivi karibuni kijana mmoja auzaye vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, ambaye jioni hutunga nyimbo, aliniletea barua aliyojibiwa na ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuwa ameomba kibali cha onyesho dogo la mtaani, akalipa alichotakiwa kulipa, akapeleka na maneno ya nyimbo zake. Barua ilikuwa na mistari miwili: ombi limekataliwa kwa sababu za kimaadili. Hapana neno lililotajwa, hapana kifungu cha sheria, hapana jina chini ya sahihi, hapana mahali pa kukata rufaa. Kijana akaniuliza, "Kaka, wewe u mtu wa ofisi. Nisaidie kujua, nibadilishe neno gani?" Sikuwa na jibu. Aliyeichapa barua ile ni mwenzetu. Yeye hakumchukia kijana. Hakumfikiria hata kidogo. Na huko kutofikiri ndiko kunakoniudhi.

Sisi makarani tuna silaha moja ya zamani, ambayo wazee wetu waliitumia mbele ya Wajerumani na Waingereza, nayo ni jalada. Amri ya mdomo ni upepo. Amri iliyoandikwa ina mwenyewe. Sisemi mtu akatae kazi akafukuzwe, watoto wake wakalale njaa. Nasema tufanye kazi yetu sawasawa. Kwa hiyo natoa mashauri matatu, chama kiyajadili katika mkutano wetu.

Kwanza, mwanachama yeyote aletewaye barua ya kuzuia wimbo, onyesho, gazeti au ukurasa wa mtandao, aombe kwa adabu iandikwe ndani yake maneno yanayolalamikiwa, kifungu cha sheria kilichovunjwa, na jina na cheo cha aliyeamua. Asipopewa, aandike katika jalada kwamba aliomba na hakupewa. Mstari huo mmoja utaishi kuliko muhuri.

Pili, chama kipeleke maombi kwa wakubwa kwamba asiadhibiwe mtu kabla ya kuitwa na kusikilizwa, na kwamba kila katazo liwe na siku ya mwisho, likome lenyewe kama mahakama haikulithibitisha. Mwenye haki haogopi hakimu.

Tatu, maneno ya siasa yaachiwe mahakama peke yake. Baraza lisaidie wasanii kupata malipo yao, kwani jasho lao huibwa kila siku, nalo ni jambo la maadili pia. Ofisi isiwe na hukumu juu ya nani ameisema Serikali, maana ofisi ni Serikali, na hapana mtu awezaye kuamua kesi yake mwenyewe.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba naleta siasa katika gazeti la watumishi. Lakini waraka wa mwaka wa 1953 nao ulisema hivyo hivyo, ya kuwa siasa si ya makarani. Wazee wetu waliusoma, wakaukunja, wengine wakatii kwa mdomo na wengine wakaacha mshahara. Hatukuwaheshimu kwa utii wao. Tunawaheshimu kwa kuwa walikataa kuamini kwamba mtu akiajiriwa huuza na ulimi wake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: sisi tuliofungwa midomo kwa waraka jana, tusiwe wepesi wa kuwafunga wengine kwa waraka leo.

Kwa sasa nakomea hapa. Aliye na jibu na alilete kwa Mhariri kabla stensili za mwezi ujao hazijakatwa.

Wasalaam,
Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA MCHAFUKOGE